Jenereta ya Kumbakiza Baba

Jumatatu, 3 Machi

Umeme umekatika tena, mchana kweupe. Niko kazini, dukani kwa miwani, mteja ananiapia kwamba anasoma mstari wa chini kabisa, na mimi najua ameukariri akiwa kwenye foleni. Simu ikaita. Jirani, yule mama mstaafu anayeshinda na Baba. Mashine ya oksijeni imezima. Amemfungulia mtungi wa akiba na mshale unashuka.

Nimemkuta Baba kakaa wima kitandani, mikono magotini, midomo rangi ya majivu. Aliponiona akajitia kutabasamu. Maisha yake yote amechomelea mageti ya watu bila kuziba pua. Sasa mapafu yamegoma.

Umeme umerudi jioni. Nimeshaamua. Tunanunua jenereta — ndogo, ya kubebeka, ikae uani. Nimempigia kaka. Mheshimiwa, tunavyomwita tangu utotoni kwa hotuba zake. Nilidhani atasema ndiyo kabla sijamaliza. Akasema tusikurupuke, tutafakari kwanza.

Tutafakari nini? Mtu anakosa hewa.

Jumatano, 5 Machi

Duka la kwanza. Jenereta zimepangwa hadi nje, nyekundu, njano, bluu, zinang'aa kama peremende. Muuzaji ana kalamu sikioni na majibu kabla ya maswali. Hii inabeba nyumba nzima, dada. Friji, pampu, pasi, wewe tu. Wati ngapi? Akapiga kofi kwenye stika: kilowati tano.

Nikajaribu kuinyanyua. Ikanyanyuka kwa mkono mmoja. Kilowati tano gani hizo nyepesi kama ndoo ya nguo? Nikakwangua pembe ya stika kwa kucha. Chini yake stika nyingine. Mbili na nusu.

Hakushtuka hata kidogo. Akasema ya chini ni ya kiwandani, ya juu ni ya soko.

Nikauliza waya wa ndani ni shaba au alumini. Shaba tupu. Basi fungua nione. Akasema ikifunguliwa garantii inakufa. Jibu zuri. Zuri mno. Nimeondoka, na nyuma yangu nikasikia akimwambia mwenzake kwamba wateja kama huyu wanakuja kupunga upepo.

Alhamisi, 6 Machi

Kaka kapiga mwenyewe leo. Si kawaida yake. Anataka Baba ahamie kwake. Kule kuna sola na betri, umeme haukatiki, wifi yupo nyumbani kutwa. Jenereta ni kelele na moshi, anasema. Na wewe asubuhi unatoka — nani atavuta ile kamba? Jirani mwenye mgongo mbovu?

Hoja zote nzuri. Ndiyo maana sizipendi. Kaka hajawahi kuwa na hoja nzuri bila jambo nyuma yake.

Kiwanja hiki ni kikubwa, na barabara mpya inapita hapo karibu. Baba akihama, nabaki mimi na vyumba vinne. Halafu itakuja hotuba: dada yangu, nyumba yote hii ya nini?

Baba sijamwambia kitu kuhusu kuhama.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi umeme amekuja. Mtu wa kuacha sentensi njiani. Tumejumlisha pamoja mezani: mashine ya Baba, friji, feni, taa mbili. Friji inapowaka inavuta zaidi kwa muda mfupi, lazima iachiwe nafasi. Kumbe hatuhitaji dude kubwa, kilowati mbili za kweli zinatosha. Ila iwe ya inverta, inayotoa umeme uliotulia, kwa sababu mashine ya hospitali haitaki umeme wa kupandapanda. Ikae nje kabisa, mbali na madirisha. Si barazani, si jikoni hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, inamlaza mtu na… hakumalizia. Halafu ataweka swichi ya kubadilisha: ama umeme wa mtaani, ama wa jenereta, visikutane. Vikikutana, umeme unarudi nguzoni na kumuua anayetengeneza laini.

Nimeanza kumwamini. Kosa. Anakusanya vyombo vyake, akasema bila kunitazama: ila kaka yako alinipigia juzi, kasema hii kazi nisiiharakishe.

Nikabaki na bisibisi yake mkononi. Namba ya fundi kaka kaipata wapi? Sijamtajia mtu. Nilimtajia Baba tu, wakati namnywesha uji.

Jirani. Hakuna mwingine. Anashinda humu, anasikia kila kitu, na kaka humletea vitenge kila akisafiri.

Jumapili, 9 Machi

Wamekuja, yeye na mkewe. Nimewapokea vizuri. Nimemwangalia wifi kuanzia anavua viatu. Kazunguka nyumba nzima kwa kisingizio cha kutafuta choo — miaka yote hii hajui choo kilipo? Kasimama mlangoni mwa chumba changu. Kasema, wifi, chumba chako kina mwanga mzuri. Halafu akapiga picha sebule. Ati mapazia yamempendeza.

Kaka alikuwa ndani kwa Baba, mlango umerudishwa. Sauti ya Baba nimeisikia zaidi kuliko yake. Nikapeleka chai ili nisikie, wakanyamaza wote wawili. Baba akasema chai ina sukari nyingi. Sikuwa nimeweka sukari.

Wakati wa kuaga, kaka akanishika bega. Mdogo wangu, usinunue kitu wiki hii. Nipe wiki moja tu.

Nikamwambia sawa. Kesho kutwa naenda kununua.

Jumanne, 11 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Nimebeba pasi kutoka nyumbani, ndani ya mfuko wa kitambaa. Duka hili la pili ni la mama mmoja mnene, mpole, ana miwani yenye lenzi zilizochoka (nilimwambia). Nikatoa pasi mezani. Akaitazama, akanitazama mimi.

Mama, nataka niichomeke wakati jenereta inaunguruma.

Akacheka hadi akakaa. Lakini akakubali. Wakaweka mafuta, wakavuta kamba, nikachomeka pasi kwenye moto mkubwa. Jenereta ikakohoa, ikatulia, ikaendelea. Nikaongeza feni ya dukani kwake. Ikaendelea. Nikainama kutafuta stika juu ya stika. Hakuna. Nikauliza nikirudisha ndani ya wiki itakuwaje, akasema utarudisha, nitakutengenezea au nitakubadilishia, andika jina langu. Nikaangalia uso wake muda mrefu. Sikupata kitu.

Sijui kwa nini nimeudhika nilipokosa la kumshuku. Nimenunua. Ina rangi ya chungwa.

Jumatano, 12 Machi

Fundi kafunga swichi ukutani na kutengeneza waya mnene wa kuchomeka na kuchomoa, kutoka uani hadi kwenye boksi la swichi. Tumejaribu. Tukabadilisha, mashine ya Baba ikapiga mlio, ikaendelea kupumua kama kawaida. Nilikaribia kulia.

Baba hakutoka kuiona. Nilimwambia unaisikia? Akasema anaisikia. Nikamwambia basi umepona. Akasema rangi ya chungwa ni ya watu wa kujenga barabara.

Ijumaa, 14 Machi

Niandike taratibu.

Umeme umekatika nikiwa naingia getini. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikakimbia uani, nikavuta kamba, ikawaka mara ya pili tu. Nikanyoosha mkono kuchukua waya pale fundi alipoutundika. Haupo. Nimetafuta bafuni, stoo, chini ya beseni, juu ya paa la banda. Haupo. Jenereta inanguruma peke yake, haina pa kupeleka umeme. Ndani, Baba yuko kwenye mtungi.

Nikamuuliza jirani nani kaingia hapa. Hakuna mtu. Halafu: labda kaka yako, jana alipita mchana, alileta machungwa.

Machungwa.

Nimempigia. Sijawahi kumwambia mtu maneno kama yale. Nimemwambia ameiba waya ili Baba akose hewa, ili ashinde, ili apate kiwanja. Nimemwambia mkewe alikuja kupiga picha mali ya mtu aliye hai. Nilitegemea hotuba. Hakukuwa na hotuba. Akasema: muulize Baba. Akakata.

Umeme umerudi kabla mtungi haujaisha. Sikumuuliza Baba. Alikuwa amelala, au amejifanya.

Jumamosi, 15 Machi

Waya uko chini ya godoro la Baba. Upande wa miguu, umekunjwa vizuri, kazi ya mtu aliyeshika nyaya maisha yake yote. Nimeuona nikibadilisha shuka. Yeye kakaa kwenye kiti, kimrija puani, ananitazama nikiuvuta.

Nikasema, nani kaweka hapa?

Mimi.

Uani umefikaje?

Polepole, akasema. Nilipumzika kwenye stuli ya jikoni.

Nikakaa juu ya godoro tupu. Akaongea kwa vipande, anavuta hewa, anaongea. Yeye ndiye aliyempigia kaka, siku ileile nilipotaja jenereta. Yeye ndiye aliyempa namba ya fundi. Alimwomba kaka amzuie dada yake, na asimwambie ametumwa na nani. Wifi alipiga picha ya sebule kwa sababu Baba alitaka chumba chake kipya kipangwe hivihivi — kiti pale, saa pale, mapazia hayahaya.

Nikamwambia jana ungeweza kufa. Akasema mtungi ulikuwepo, na alikuwa amesikia geti, alijua nimefika.

Kwa nini, Baba?

Akasema: tangu mama yako atutoke umekuwa mlinzi humu ndani. Hata posa ya yule mwalimu uliikataa kwa sababu yangu. Ukiweka jenereta, mama, hutatoka tena. Utakuwa unasikiliza mashine mbili.

Nikatandika shuka.

Ila sasa niko peke yangu, nafikiria. "Mlinzi." Baba hasemi hivyo. Baba husema mambo mafupi ya chuma na rangi. Hilo ni neno la Mheshimiwa. Nani kampa? Na yule mwalimu nilimkataa kwa sababu zangu — au? Mzee mgonjwa unaweza kumtia maneno mdomoni, ukiwa na subira na machungwa.

Au ni Baba kweli, na mimi ndiye sitaki iwe Baba.

Jumapili, 16 Machi

Wako sebuleni. Naandika jikoni, kwa sababu nimesema nakuja kuchemsha maji.

Kaka kaja na gari, na mtungi mpya wa safari umefungwa kwenye siti ya nyuma. Hakutaja simu ya Ijumaa. Kanisalimia kama kawaida, macho mekundu. Baba kavaa viatu. Miezi mingapi sijamwona na viatu. Kasema haondoki mpaka mimi niridhie, kwa mdomo wangu. Kaka kaangalia sakafu. Wifi kasema chumba kiko tayari, wifi, na chako pia kipo, uje kila ukitaka. Nimeitafuta ndani ya hiyo sentensi ile sumu. Nimeirudia kichwani. Bado naitafuta.

Palepale umeme ukakatika. Wote tukacheka kidogo, hata Baba. Nikatoka uani, nikaunganisha waya, nikavuta kamba, nikabadilisha swichi. Mashine ikaendelea. Baba akasema, kwa kweli ni nzuri. Akasema mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Nikaona kaka anafuta uso.

Nikawaambia: umeme ukirudi nitawajibu.

Wamekubali. Kaka katoa hata simu yake, anaangalia mpira. Wanangoja.

Redio ya jirani inaimba, muda sasa. Taa ya barazani kwake inawaka mchana, aliisahau. Umeme umerudi, na si sasa hivi tu. Sisi humu tuko upande wa jenereta, kwa hiyo hakuna anayeweza kujua isipokuwa aliye karibu na dirisha la jikoni, na aliye karibu ni mimi. Maji yamechemka, yamepoa, nimeyarudisha motoni.

Kaka kauliza kutoka sebuleni, bado?

Nimesema bado.

Nimemsikia Baba anasogeza kiti. Anakuja huku, polepole, na ule mrija unaburuzika sakafuni nyuma yake. Kuna stuli hapa karibu na dirisha. Redio ya jirani sasa inasoma taarifa ya habari, kwa sauti kubwa, na yeye masikio yake hayana ubovu wowote