Soketi Uliyoiacha Mwanda

Wakesho,

Nianze na lile ambalo najua utanigombeza: kiti nimekisogeza.

Tangu tulipokuzika nilikuwa nikiliendesha gari letu magoti yakigusa usukani, kwa kuwa wewe ndiye uliyelitumia mwisho na kiti ulikuwa umekivuta mbele kwa ajili ya miguu yako mifupi. Miaka yote tuliyolimiliki pamoja, kila aliyelipokea kutoka kwa mwenzake alianza kwa kuhangaika na kile kiti na kulalamika. Wewe uliniita mlingoti wa stima, mimi nikakuita kigoda. Baada ya mazishi sikuweza kukigusa. Walimu wenzangu wakawa wananiona nikishuka pale shuleni nikichechemea, wakadhani ni baridi yabisi, mmoja akaniletea dawa ya kuchua. Nikaipokea nikashukuru. Ningewaambia nini? Kwamba nikikisukuma kile kiti nyuma, basi umekufa?

Umekufa, Wakesho. Presha ilikuangusha asubuhi ukiwa kwenye cherehani yako, na sare ya mtoto fulani ilibaki pale na mkono mmoja. Niliimalizia mimi. Ule mkono wa pili umekaa upande upande, na mwenyewe anauvaa hivyo hivyo.

Gari nalo halikukaa sana nyuma yako. Lilichemka njiani kuelekea Mwatate, fundi akalifungua, akaangalia, akajifuta mikono. "Mwalimu, hii injini imechoka. Wacha ipumzike." Nilimpata mtu anayetaka vipuri. Kabla hajalichukua nilimwomba anipe nafasi kidogo, nikaketi kwenye usukani, nikakisukuma kiti hadi mwisho. Miguu yangu ikanyooka vizuri kabisa, na hapo ndipo nilipolia kama mtoto. Yule mnunuzi alizunguka nyuma akajifanya anakagua magurudumu. Mungu ambariki. Kitu pekee nilichotoa ni ule mto wako wa kukalia, ulioushona kwa vipande vya sare, kijani na maruni na bluu ya mirabaraba.

Kwa hiyo ule ubishi wetu umeniachia peke yangu. Hukunitendea haki. Ubishi wa watu wawili hauachiwi mmoja.

Ulikuwa unataka gari la umeme tupu. Mimi nilitaka haibridi, ile yenye betri ya kuchaji nyumbani kwa safari za hapa Voi, na tangi la petroli kwa safari za mbali. Nikikaa pale dukani kwako nakueleza, wewe unakanyaga cherehani, halafu unaisimamisha ghafla ili nikusikie vizuri unavyonipinga. Nilikuwa na hoja zangu, nawe ulijua ni za maana. Stima ikipotea huku kwetu hairudi kwa kuitwa. Barabara ya kwetu Rukanga, ukishaiacha lami pale Maungu, ni vumbi na ndovu, na ndovu hawakuulizi betri imebaki ngapi. Na kupanda kwenu Mwanda ni kupanda kweli, betri inaliwa kona baada ya kona.

Ukanijibu, "Na kushuka je? Gari ya stima ikishuka inajichaji yenyewe. Petroli uliyopanda nayo ushawahi ona ikikurudia?" Mimi nikasema chai imepoa.

Hukuachia hapo. "Mghoi, hiyo haibridi yako ni gari ya mtu anaenda kutembelea watu na anakaa na kibeti mkononi. Ameketi, lakini ashaondoka." Wale wasichana wako wa kushona walicheka mpaka uzi ukakatika. Mimi nilikasirika, kwa sababu kibeti changu kilikuwa kwenye mapaja yangu wakati huo huo.

Unakumbuka ile siku ya ndovu? Jumamosi ya zamu yangu, tukielekea Rukanga, ulinisindikiza ukiendesha wewe. Walikuwa wanavuka polepole na watoto wao, ukazima injini kama inavyotakiwa. Walipokwisha kuvuka, gari likakataa kuwaka. Tukaketi kwenye jua lile, mimi nikidhani watarudi, wewe unanihesabia karanga kwenye kiganja kama mtoto wa chekechea. "Kula. Ukiwa na kitu mdomoni huwezi kupiga kelele." Nimekula karanga nyingi tangu siku hiyo na hakuna zilizokuwa na ladha ile.

Sasa nikuambie lililonikaa kooni. Tangu mazishi nilikuwa sijapanda Mwanda.

Jumamosi zetu unazijua: moja ya Rukanga kwa baba yangu, moja ya Mwanda kwa mama yako, kwa zamu, anayekwenda ndiye mwenye gari. Zamu zako zilifika zikapita, nami nikakaa nyumbani kusahihisha insha. Gari lilipouzwa nikapata na kisingizio, sina gari. Lakini magari ya kupanda huko yanajaa watu kila asubuhi, na wote wanafika. Mimi niliogopa ile nyumba. Niliogopa mama yako akifungua mlango atatazama nyuma yangu kuona kama nimekuja na wewe.

Halafu akanipigia simu. Unajua simu zake, anaongea kwa sauti kubwa kana kwamba Voi ni ng'ambo. "Mghoi, mwanangu. Ile gari ya Wakesho itakuja lini? Fundi wa stima ameuliza kama aing'oe hii soketi ya nje, watoto wa jirani wasije wakaichezea. Nimemwambia angoje."

Ile soketi. Ulimwita fundi akaiweka ukutani kando ya jikoni, nene, yenye kifuniko cha mvua, na gari lenyewe hatujalinunua. Nilikucheka. Nikasema wewe ni mtu wa kununua kamba kabla ya ng'ombe. Sasa mama yako anailinda, na mimi niko kwenye simu namwambia, "Litakuja, mama, litakuja," bila kujua ni gari gani ninalosema.

Nikaenda Mombasa, kwa wauzaji wa magari yaliyotumika. Yalikuwa mawili yamesimama karibu karibu, la umeme tupu, dogo, jeupe, na haibridi ya rangi ya kijivu. Nikaingia kwenye la kijivu moja kwa moja. Nilizunguka nalo mitaa kadhaa na kijana wa mauzo pembeni yangu. Gari zuri, Wakesho, nisikudanganye. Linaanza na betri, betri ikipungua injini inaingia taratibu, hujui hata imeingia saa ngapi. Moyoni nikawa tayari napanga: nitapanda Mwanda, nitamsalimu mama, nitafika kaburini, nitashuka, na kabla ya giza niko kwangu. Nilifarijika. Nilikuwa nimekwisha kuuliza habari za karatasi.

Yule kijana akataka kunitajia sifa yake moja ya mwisho. "Na uzuri wake mama, na hii hutawahi kuomba mtu stima. Unafika, unageuza, unaenda zako. Humtegemei mtu."

Alisema kwa nia njema kabisa, nami nikatazama chini. Kibeti kilikuwa mapajani, nimekishika kwa mikono miwili, na gari limesimama.

Nikamwambia anionyeshe lile jeupe. Akashangaa, akauliza kama bei ndiyo tatizo. Nikamwambia tatizo ni mtu fulani wa Mwanda, mfupi, mkaidi, ambaye amenishinda ubishi na hayupo kusikia.

Basi nimenunua lako. Betri yake si mpya, baba yangu amelikagua akasema punda wake sasa amepata mwenziwe wa kulishwa nyumbani. Hoja zangu zote bado ni za kweli, sijazifuta hata moja. Stima itapotea, na ndovu wa Maungu wako pale pale.

Jumamosi iliyopita ilikuwa yako. Nikapanda. Mwatate, Wundanyi, zile kona, ukungu ukianza kushuka, na betri inapungua vile vile nilivyosema itapungua. Nilitaka kukuambia, "Unaona?" nikageuka, na kwenye kiti cha pili ulikuwepo mto wako tu. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Ilibidi nisimame kando mpaka macho yakauke.

Nilifika bila mlio wowote. Mama yako alikuwa anachambua mnavu mlangoni, akainua kichwa gari likiwa tayari uani. "Kwawuka," akanisalimu, kama mtu aliyeniona jana. Na alitazama nyuma yangu, Wakesho. Alitazama, kama nilivyoogopa. Kisha akanishika mkono, tukasimama hivyo, na jambo nililoliogopa miezi yote hiyo likawa limepita nasi bado tuko wima.

Nikachomeka gari kwenye soketi yako. Taa ya kijani ikawaka, mama yako akaisogelea akaitazama sana. Nikamwambia itachukua muda mrefu kidogo. Akasema, "Vizuri," akaenda kuweka motoni maharagwe na mihogo ya kupondea kimanga. Tukashuka pamoja mpaka kaburini. Majani yameanza kushika, na mtu amepanda maua kwenye mkebe, nadhani ni wale wasichana wako. Mama alikuelezea habari za kijiji zote, nani ameoa, nani ameuza ng'ombe. Mimi sikuweza kusema neno, ndiyo maana nakuandikia.

Alasiri stima ikapotea.

Nilicheka, Wakesho. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu ulipoondoka. Kila nililokuonya limetimia siku ya kwanza tu, betri haijafika popote, nami nimekwama mlimani na ukungu. Nikaanza kumweleza mama yako kwamba nitaangalia, pengine kuna lori la mboga linaloshuka, pengine nitamwacha na gari. Nilikuwa nimesimama, kibeti begani.

Akakitoa begani mwangu kwa mkono wake, akaenda nacho chumbani kwako, akakiweka juu ya kitanda chako, akarudi. "Wakesho alinieleza hiyo soketi ni ya nini," akasema. "Nilimuuliza, mbona unaharibu ukuta wangu. Akaniambia, 'Mama, Mghoi anakupenda, lakini hajui kukaa. Hii itamkalisha.'"

Sikujua. Nilidhani ulikuwa unabishana nami habari za magari.

Nililala kitandani kwako. Tulikula kimanga kwa mwanga wa koroboi, mama yako akanisimulia ulivyokuwa ukiiba vitambaa vyake utotoni kuwashonea kuku nguo. Asubuhi stima ilikuwa imerudi. Nilipokuwa nashuka kurudi Voi, kila kona betri ilipanda kidogo. Ulisema kweli, kushuka kunarudisha. Hakurudishi yote. Sehemu tu, na sehemu hiyo ilinitosha kufika nyumbani.

Nakuacha sasa, mwenzangu. Gari ni langu peke yangu kwa makaratasi, lakini zamu ni zile zile: Jumamosi moja ya Rukanga, moja yako. Mto wako nimemwachia mama, amesema siku nikimshusha Wundanyi sokoni atauweka kiti cha mbele, maana naye ni mfupi kama wewe. Na mimi nakuahidi hili, nawe ukiweza nishikilie nalo: nikifika Mwanda nitakipeleka kibeti chumbani kwanza, ndipo nitoke nje nichomeke gari.

Mghoi wako