Pasi Iliyochomolewa

Jumatatu, 3 Machi
Mke mwenzangu — mke wa mjukuu wangu, ndivyo tunavyotaniana — amevimba hadi uso. Miguu nilisema mimba hiyo, hata mimi nilivimba na nikafua shuka za watu. Lakini uso! Kaja na kandambili za mumewe. Nikamuuliza, umeolewa na mtu au na viatu? Akacheka huku kashika kichwa. Sikupenda kile kicheko. Nikachomoa pasi, shuka za nyumba ya wageni zingoje. Kliniki!

Presha juu, mkojo una protini. Kapewa vidonge, tupime asubuhi na jioni. Nesi kasema kichwa kikikataa dawa, macho yakiona vimulimuli, maumivu yakija chini ya mbavu, msingoje kesho. Jirani yetu fundi redio katuazima mashine yake ya presha. Mimba miezi minane.

Alhamisi, 6 Machi
Presha inapanda tu. Shule sikuiona hata mlango, kusoma nimefundishwa ukubwani, lakini namba nazijua. Wamemlaza. Mjukuu wangu anabisha, mtoto bado mchanga tumboni, atolewe vipi? Daktari kamwambia dawa ya ugonjwa huu ni kuzaa. Nikamvuta shati: mume wangu, nyamaza. Tunda unaweza kupata jingine, mti je?

Ijumaa, 7 Machi
Msichana! Kadogo, kamekunja ngumi, kana hasira — kama mimi kabisa! Mama mzima. Nimepiga vigelegele mpaka mlinzi kaja kunitoa.

Jumatatu, 10 Machi
Tuko nyumbani. Wakati wa kuruhusiwa nesi alikuwa anaeleza mambo ya vidonge na kupima, mimi nafunga kofia ya mtoto, mjukuu anatafuta soksi. Wote tuliitikia ndiyo, ndiyo.

Mashine nimeirudisha. Fundi redio kasema, kaa nayo bibi, sina haraka. Nikamwambia ugonjwa ulikuwa wa mimba, mtoto kashazaliwa. Cha mtu mavi. Nimerudi kifua mbele.

Jumatano, 12 Machi
Wageni kutwa. Pua ya nani, masikio ya nani. Nimesema masikio yangu, anayebisha atoke. Shuka nimepiga pasi tatu tu.

Alhamisi, 13 Machi
Mchana mke mwenzangu kafunga pazia. Nikamuuliza, unamficha nani humo? Kasema mwanga unamchoma, kichwa kinamgonga tangu jana. Jana! Mbona hukusema? Eti watu walikuwa na furaha.

Akanimiminia chai. Akamimina pembeni ya kikombe. Akaendelea kumimina, chai inatiririka mezani, yeye anatabasamu.

Nilikimbia peku kwa fundi redio. Alikuja na mashine mwenyewe. Namba ilipotoka, alichukua funguo za gari.

Mapokezi ya hospitali nimesema presha ya mimba, kijana mmoja ananiuliza, bibi, si ameshajifungua? Sasa mjamzito yuko wapi? Nikamwambia mjamzito ni wewe na hilo tumbo lako, mpime! Kapima. Kaacha kalamu, kaita watu, wamekimbia naye.

Daktari kaja kunieleza taratibu, kama anaongea na mtoto. Ugonjwa huu unaweza kubaki hata baada ya kuzaa, unaweza hata kuanza wiki kadhaa baadaye. Wanamchoma dawa ya kuzuia kifafa cha uzazi. Akauliza, vidonge alikuwa anameza? Nimemwambia viko nyumbani, hata hatukuvifungua.

Pasi! Umeichomoa ukutani, unadhani haina moto tena, unaiweka juu ya shuka nyeupe ya watu — inaunguza. Maisha yangu yote nimeshika pasi. Na mashine nikairudisha kwa adabu zangu.

Mjukuu wangu yuko njiani kutoka kazini. Mtoto ana njaa. Nampa kidole, anakinyonya, anagundua nimemdanganya, analia upya. Naandika kwa mkono mmoja, daftari gotini, nisije nikapiga yowe mbele za watu.

Mlango umefunguka. Nesi anasema lete mtoto.

Nimemuuliza, mama yake ndiye anamwita? Kanyoosha mikono tu, lete bibi. Nimemwambia ngoja nimalize mstari. Sina cha kuandika, naogopa tu kuingia. Nimalize mstari kwanza