Sumaku Kifuani

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka. Shingo imegeukia bega la kushoto kutwa nzima, nami natengeneza spika za watu kwa jicho moja. Nikigusa kidevu kwa kidole, inanyooka. Nikiondoa kidole, inarudi. Fundi gani huyu wa mkono mmoja? Wateja wananiita Shingo Upande, tena mbele yangu, kwa mapenzi. Kesho nalazwa. Daktari atapitisha nyaya mbili nyembamba hadi ndani ya ubongo, na betri ataizika chini ya ngozi ya kifua. Umeme kidogo, misuli itulie. Naogopa. Ila nimechoka kuliko ninavyoogopa.

Alhamisi, 14 Machi
Ni mzima. Nimenyolewa kipara — mdogo wangu, kwa kuwa ni msusi, amelia kuliko mimi. Shingo iko palepale! Daktari anasema ugonjwa huu hauna haraka, itachukua miezi. Nimepewa pia rimoti ya kuangalia kama kifaa kinafanya kazi, kama televisheni vile. Akaniambia nikae mbali na sumaku. Nikaitikia. Nilijua anasema zile mashine kubwa za hospitali.

Jumanne, 21 Mei
Imenyooka! Nimekula kwa raha zangu, kidevu kimeachwa kijitegemee. Mdogo wangu kaniangalia weee, akasema alishasahau kwamba nina shavu la kulia. Kesho nafungua karakana.

Jumamosi, 8 Juni
Imerudi. Wiki mbili za nyaya na swichi, nikiwa sawa kabisa. Alhamisi nikabadilisha karatasi ya spika ya shule, ile inayotetema itoe sauti, jana nikaamka nimepinda. Mdogo wangu amebisha mlango, nimejifanya nimelala. Rimoti nimeitupia kabatini. Kutobolewa fuvu, halafu bure.

Jumatano, 12 Juni
Kliniki. Muuguzi kaweka mashine yake kifuani kwangu, akakunja uso. Kifaa kimezimika. Akauliza nafanya kazi gani, na nimwonyeshe ninavyoifanya. Nikakumbatia hewa. Spika naiegemeza hapa, chini ya mfupa wa mtulinga, sumaku imenielekea mimi, ili mikono yote miwili ipate kubonyeza karatasi kwenye gundi. Baba alinifundisha hivyo, naye alifanya hivyo hadi alipostaafu. Mkono wangu ukatua juu ya betri. Tukatazamana na muuguzi.

Daktari hakufoka. Amekiwasha, akaketi.

"Shingo utaipata tena, dada. Lakini spika usizikumbatie. Hata kuzisogelea, hapana."

Nimecheka, kisha nikalia mbele yao bila aibu. Nilikubali kupasuliwa ili nirudi kwenye meza ile.

Alhamisi, 27 Juni
Shingo inarudi sawa, kidogo kidogo. Naandika nikiwa kwenye kiti, mlangoni mwa karakana. Hapa ndipo mwisho wangu, sumaku ziko ndani. Mdogo wangu yuko mezani na spika ya pili ya shule. Amejitolea, maskini, kafunga saluni yake kwa ajili yangu. Vidole vyepesi, lakini vimezoea nywele. Nimemwelekeza kwa maneno tangu asubuhi hadi sauti imekauka. Karatasi ya kwanza kaichana. Hii ndiyo ya mwisho niliyonayo.

Mwalimu mkuu amefika, amesimama nyuma yangu. Anasema namshangaza, nimependeza, nimenyooka kama mlingoti. Nikamshukuru. Anaitaka spika leo.

Karatasi imekaa upande. Naiona kutoka hapa. Spika ile itakoroma. Gundi ikishika, basi tena.

"Dada, nibonyeze hivihivi?"

Nimeshasimama. Sijui nimesimama saa ngapi. Rimoti iko mfukoni; kifaa kikizimika, safari hii nitajua.

"Subiri," nimemwambia. "Usibonyeze."