Hapana Niliyoisema Mlangoni pa Bweni

Alhamisi, jioni. Mvua imepungua, ukungu haujaondoka. Naandika polepole.

Wanaonisoma hapa wanajua kwamba mimi ni mkuu wa shule ya bweni ya wasichana, huku milimani, njia ya kwenda Bumbuli. Wanajua pia vitabia vyangu vya utulivu, nilivyovipata kwenye semina ya viongozi pale Lushoto mjini. Asubuhi nazunguka shule taratibu kabla sijagusa simu. Nikiulizwa jambo zito, navuta pumzi kwanza, nazisikia nyayo zangu chini, ndipo najibu. Walimu huwa wanatabasamu wakiniona.

Leo nimeogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Asubuhi nilizunguka na mwavuli na mabuti. Nyuma ya bweni la Kidato cha Pili maji mekundu yalikuwa yanatoka chini ya mteremko, mahali pasipo na mfereji. Miti ya migrivea iliyo juu ya mteremko ilikuwa imeinamia bati la bweni. Mbele, wasichana walikuwa wanavutana na mlango. Jana ulifunguka vizuri. Leo umegoma kwenye fremu, kama vile ukuta umesogea.

"Shikamoo Madam," wakaniamkia huku wanacheka.

Niliitikia.

Nakiri hapa: wazo langu la kwanza halikuwa kuwaokoa. Lilikuwa kujifanya sijaona. Mitihani inaanza wiki ijayo, na mkuu mpya anayepiga kelele kwa sababu ya maji ya masika ataitwaje?

Nikasimama, nikavuta pumzi. Utulivu haukuja. Ilikuja hofu yenyewe, na nikajua kwamba nimeona nilichokiona: kilima kinasogea.

Makamu wangu, Mwalimu Elia, ni mzaliwa wa Vuga, na mvua za huku anazijua. "Madam, tukiwatoa watoto kila maji yakitokea, hatutafundisha," alisema nilipowaita walimu nikawaeleza. Hakusema kwa ubaya. Walimu wote wakanitazama. Nikasema, "Mimi naogopa, Mwalimu. Nikikosea mtanicheka. Watoke sasa hivi, waende kanisani."

Hakubisha tena. Yeye ndiye aliyewapanga mistari na kuwavusha hadi kanisa la Kilutheri, ng'ambo ya uwanja, kwenye tambarare.

Tulikuwa tumeshazungushia bweni kamba, Mwanaidi, mmoja wa wasichana wa bweni hilo, akarudi pale mlangoni ameshika kifua. Ana pumu, wote tunajua. "Madam, dawa yangu ya kuvuta iko kwenye tranka."

Elia akavua koti. "Kitanda chake ni cha karibu na mlango. Naingia na kutoka."

Kifua cha mtoto kilikuwa kinapiga mluzi. Alikuwa ananitazama mimi, si Elia. Nikavuta pumzi kama nilivyozoea, nikaona aibu kwamba mimi pumzi ninayo.

"Hapana," nikasema. "Hakuna anayeingia."

"Madam, mtoto atatufia."

"Hapana, Mwalimu. Mpigie mganga wa zahanati, na bodaboda ikalete dawa."

Muda ule wa kusubiri sitaki kuuishi tena. Tulimkalisha Mwanaidi kwenye benchi la kanisa, ameinama mbele, mkono wangu mgongoni pake. Midomo ilianza kubadilika rangi. Matroni alikuwa anasali kwa Kishambaa, chinichini. Kilima kilikuwa kimetulia kabisa. Elia alisimama mlangoni pa kanisa, akawa anatazama bweni, kisha ananitazama mimi. Nilijua anachowaza. Angekuwa ameshaenda na kurudi.

Bodaboda ikafika. Mwanaidi akavuta dawa, akapumzika, akavuta tena. Rangi ikarudi taratibu.

Nilikuwa bado nimemshika tuliposikia migrivea inavunjika. Udongo ulishuka wote kwa pamoja, ukasukuma ukuta wa nyuma, bati likakunjika, na upande ule wa mlango ukafukiwa. Wasichana walipiga kelele.

Hakuna aliyeumia.

Nilitoka nyuma ya kanisa nikatapika. Elia akaniletea maji kwenye kikombe, akasubiri nisukutue.

"Ningewahi kutoka, Madam," alisema.

"Najua."

"Lakini pale mlangoni hatukujua kilima kitashuka saa ngapi."

Tukarudi ndani kwa watoto.

Tangu mchana walimu wananiambia kwamba nimejaliwa, kwamba ule utulivu wangu ndio umeokoa shule. Nashindwa kuwaeleza kwamba sikuwa mtulivu hata mara moja. Nilichofanya ni kuchelewa kidogo kuikimbia hofu yangu. Na ninachoogopa zaidi sasa ni kwamba safari nyingine hawatanibishia, hata nikikosea.

Mama yake Mwanaidi amepiga simu kutoka Soni. Anakuja kesho. Mwanawe ameshamsimulia, na ataniuliza kwa nini nilimzuia mwalimu asimchukulie mtoto dawa iliyokuwa mlangoni tu.

Ni rahisi kumwonyesha kile kifusi. Sitafanya hivyo, maana kilima kilianguka baadaye. Nitamwambia kwamba nilipokataa sikujua kama kitaanguka. Niliogopa mambo mawili, nikachagua moja, na aliyeubeba uchaguzi wangu kifuani ni mwanawe.

Kama ningekuwa mimi ndiye mama, jibu hilo lingenitosha?

Kukicha nitamsubiri getini mwenyewe.