Kahuzi, mara ya pili

Jumapili, 5 Oktoba

Tatiana amekuja baada ya misa na clé USB mkononi. Mdogo wangu huyu hajui kubisha mlango. Ndani ya clé kuna Kahuzi yote, misimu mitatu, sehemu thelathini — na safari hii ina maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Jina halisi la série ni la Kiingereza, hakuna anayelikumbuka hapa Cimpunda. Chombo kile cha angani mume wangu Isidore alikiita Kahuzi, kama mlima wetu, na majirani wote waliokuja kuangalia kwetu wakaita hivyo hivyo.

Tatiana anasema napoteza muda wangu. Série ya anga, ukishajua nani msaliti, imekwisha. Unabaki na watu wanaobonyeza taa. Nikamwambia sitafuti msaliti.

Ninachotafuta nakiandika hapa tu. Sehemu ya mwisho tuliiangalia hospitalini, kwenye simu yake, siku mbili kabla hajafa. Alinitafsiria kama kawaida, maana Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu. Nilikuwa nimeegemeza kichwa kando ya godoro, macho nimefumba. Usiku wa tatu bila kulala. Picha sikuiona, nilisikia sauti yake tu.

— Capitaine anasema, weye endelea. Anasema myaka yote ilikuwa muzuri, hata ile tuligombana. Anasema kama ni ya kurudilia, angerudilia yote toka mwanzo, hata kipande ya mwisho.

Nikamjibu:

— Huyu capitaine anaongeyaka mingi. Umwambie afupishe.

Akacheka, akakohoa. Akasema, bon, amefupisha. Hakutafsiri tena.

Karibu mwaka sasa najiuliza. Yalikuwa maneno ya kapiteni au yake? Kama ni ya kapiteni, mume wangu alikufa bila kuniaga. Kama ni yake, aliniaga, na mimi nikamwambia afupishe.

Misa ya mwaka ni tarehe 8 Novemba. Nataka kujua kabla. Nimejaribu kufungua sehemu ya thelathini moja kwa moja, kidole kimekataa. Basi nitaanza mwanzo, kama watu wenye adabu.

Jumanne, 7 Oktoba

Courant imerudi saa kumi, taa zikawaka. Tumeangalia sehemu mbili, mimi na Maman Bibiane, mama yake Isidore. Yuko kwangu tangu Februari, njia ya kwao, Katana, ilipoharibika. Jicho la kushoto linaona mwanga tu, la kulia linaona vivuli. Kifaransa hasomi. Mimi nasoma, namwambia kwa Kiswahili. Ndiyo kazi ya Isidore nimeirithi.

Kuna jambo. Kwenye Kahuzi ya Isidore kuna mpishi, Tonton Chrispin, mtu wa Bagira, analalamika kila siku kwamba angani hakuna sombe, majani ya muhogo. Majirani walikuwa wanakuja kwa ajili yake tu, na Maman pia, kila alipotutembelea. Leo nasoma maandishi: Tonton Chrispin si mpishi. Ni mashine ya kupima hewa. Anasema, « Température stable. » Sehemu nzima, « Température stable », joto ni lile lile.

— Chrispin amebadirika, Maman akasema. Ni mugonjwa?

Nikasema labda amechoka na safari.

Jumapili, 12 Oktoba

Sehemu sita sasa. Isidore alidanganya karibu zote!

Mkalimani wa shirika, miaka kumi na mmoja. Kila siku mezani hapa: mkalimani haongezi, hapunguzi, hata tusi analipitisha lilivyo. Kazini, ndiyo. Nyumbani alipika hadithi nzima. Yule mwanamke wa mitambo hakuwa binti wa mchungaji. Sayari ile haikuwa na ziwa. Na kile kikao kirefu ambapo wote walicheka mpaka Papa Barthélemy wa jirani akaanguka kwenye kiti — ni kikao cha kuhesabu vipuri.

Nimecheka peke yangu, nikajifuta macho na gauni.

David anayeweka filamu kwenye clé za watu pale barabarani anasema kinyume cha Tatiana. Kwake mara ya pili ndiyo tamu: ya kwanza unakimbizana na habari, ya pili unaona ishara zote ulizopita bila kuziona. Ana miaka ishirini na mbili na anaongea kama profesa. Nikamuuliza, na kama mara ya kwanza hukuiona? Hakunielewa. Mimi sirudii Kahuzi. Ndiyo naiona kwa mara ya kwanza, na ni série ya kuchosha sana.

Jumapili, 19 Oktoba

Msimu wa pili unavuta miguu. Milango inafunguka, milango inafungwa. Maandishi yenyewe yamejaa makosa. Ningekuwa na kalamu nyekundu ningewapa nne kwa kumi, kama wanafunzi wangu wa la troisième.

Lakini sehemu ya kumi na nne. Kapiteni anampelekea mkewe ujumbe duniani. Naikumbuka vizuri! Mwaka juzi tuligombana vibaya mimi na Isidore, kwa sababu alimkaribisha binamu yake kwetu mwezi mzima bila kuniuliza. Hatukusemeshana siku nne. Jumapili tukakaa kuangalia, kila mtu kwenye kona yake ya kiti, na kapiteni akamwomba mkewe msamaha dakika nzima. Alisema alimfanya mgeni nyumbani mwake mwenyewe. Nikasema kwa sauti, unaona, huyo ni mwanaume. Isidore akasema ndiyo, anajua kuomba.

Leo nimesoma. Kapiteni anamuuliza mkewe kama betri za nyumba zimebadilishwa.

Nimesimamisha nikaenda jikoni. Nilikaa huko mpaka Maman akauliza kama viazi vinaungua. Hakukuwa na viazi.

Alikuwa anaongea na mimi. Miaka yote ile. Na mimi namsifu kapiteni.

Jumatano, 22 Oktoba

Hakuna courant tangu jana. Afadhali.

Jumapili, 26 Oktoba

Sehemu ya ishirini na tano. Naandika pole pole nisikosee.

Docteur wa chombo anamwita kapiteni, anafunga mlango. Maandishi: « Six mois. Peut-être huit. » Miezi sita, labda minane. Kapiteni anauliza nani anajua. Docteur anasema hakuna mtu. Kapiteni anasema, basi ibaki hivyo.

Mimi sikuikumbuka kabisa hii. Nikatoa daftari la mwaka jana kwenye sanduku. Jumapili, 14 Aprili 2024, maandishi yangu mwenyewe: « Kahuzi. Docteur anamwambia kapiteni amechoka, anywe vitamini, apumzike. Isidore katafsiri mdomo ukiwa mkavu, nimempa maji. »

Vitamini.

Isidore aliniambia habari ya ini lake tarehe 9 Septemba. Alisema, wameniambia leo asubuhi. Nilimwamini, kwa nini nisimwamini? Lakini wiki ile ya Aprili, kabla ya Jumapili ile, alikuwa ametoka kwenye « atelier », semina ya kazi ya siku tatu ng'ambo ya mpaka. Alirudi bila begi la atelier, bila kalamu, bila cheti. Nilimtania kwamba ni atelier gani haina hata kofia. Alikwenda kupimwa. Alijua. Akakaa pale kwenye kiti, docteur akasema miezi sita, na yeye akageuza ikawa vitamini, kwa sauti ile ile, bila kusita hata kidogo.

Miezi mitano. Tulinunua kitambaa cha mapazia. Nilimgombeza kwa sababu hamalizi chakula.

David na ishara zake. Kweli zilikuwepo zote.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimesahihisha dictée, imla za wanafunzi, bila kuziona. Mmoja nimempa kumi kwa kumi, naye anaandika « ésprit », na alama isiyopaswa kuwepo juu ya e. Nina hasira na maiti, na hakuna ofisi ya kupeleka hasira ya namna hii.

Alhamisi, 30 Oktoba

Maman aliniuliza kwa nini tumeacha. Nikajibu vibaya, nikasema série ni ya uongo. Akasema, taratibu, akikunja kitenge chake kwenye magoti:

— Umefika fasi ya docteur.

Sikumsomea mimi maneno ya mahali pale. Nikamuuliza amejuaje.

— Isidore alinielezeaka ile ya kweli. Alikuya Katana, mwezi ya ine, akaniambia ugonjwa yake. Akaniambia na ile ya capitaine. Akaniuliza, maman, nimwambie Agnès ao niache? Miye njo nilisema aache. Nilisema bado kidogo, mupate siku ya kucheka.

Nilisimama. Nilitaka kutoka nje, lakini nje ni ngazi za jirani na watu wamekaa juu yake. Nikakaa tena.

— Muliniibia miezi mitano, maman.

— Ndiyo, akasema. Nilizani minakupatia.

Hakujitetea zaidi ya hapo. Ningependa ajitetee, ningepata pa kushika. Mama huyu alikaa nami hospitalini, alimwosha mwanawe kwa mikono yake. Na alijua tangu Aprili, kila alipokuja na mboga, kila aliponiuliza habari za nyumbani, na mimi namjibu ni nzuri.

Baadaye, akinipa mgongo:

— Ile inabakia, unisomee sawa vile iko. Isidore alinikataliaka mwisho, alisema ataniambia nikikuya. Nikakuya, hakukuwa tena sauti. Capitaine akikufa, sema anakufa. Miye usinitafutie vitamini.

Nikamwahidi. Kwa ukali, lakini nimeahidi.

Jumapili, 2 Novemba

Siku ya marehemu. Tumekwenda makaburini, Maman amenishika mkono kwenye mteremko kwa sababu ya matope. Tumeng'oa majani, tumeosha msalaba. Nilikuwa nimepanga kumgombeza Isidore kimoyomoyo, nina orodha. Nilipofika nikamwambia tu kwamba Chrispin ni mashine ya kupima hewa. Nikacheka pale juu ya kaburi, Maman akauliza ninacheka nini, nikamweleza.

— Nilijua, akasema. Mutu wa Bagira hawezi kunyamaza vile.

Mwanamume mwenye huzuni, kaburi la pili kutoka letu, alitutazama vibaya.

Ijumaa, 7 Novemba

Misa ni kesho saa mbili. Tatiana amechukua viti na sufuria kubwa. Mchele umechaguliwa. Courant imekuja saa kumi kamili na Maman akaenda mwenyewe kwenye kiti bila kuniambia kitu.

Sehemu ya ishirini na tisa nimesoma neno kwa neno. Watu wanakufa, nimesema wanakufa. Msaliti ni yule yule. Maman alisema kwenye hadithi ya Isidore alikuwa na sura mbaya zaidi.

Halafu ya thelathini.

Naandika daftari likiwa kwenye goti. Nimesimamisha picha. Nimemwambia Maman kuna neno gumu, naliandika nisilisahau.

Iko hivi. Kapiteni amebaki peke yake kwenye chombo. Wengine wameshuka sayarini. Anakwenda kwenye dirisha kubwa, anakaa. Anasema, « Lumières », na taa zinazimika. Halafu anatazama nje. Maandishi chini ni neno moja: silence, kimya. Linakaa pale. Nimerudisha nyuma mara mbili, Maman anadhani courant inasumbua. Nimepima kwa saa ya ukutani: dakika nne. Mdomo wake haufunguki. Hakuna mke, hakuna ujumbe, hakuna mtu anayeambiwa kitu.

Kapiteni hasemi kitu chochote.

Basi alikuwa Isidore. Weye endelea — ni Isidore. Hata ile tuligombana — ni Isidore, na binamu yake, na mapazia. Hakuwa na nguvu ya kuomba maji siku ile. Alizitafuta dakika nne tupu kwenye série ya watu wengine, akaziwekea maneno yake, kwa sababu kuniambia usoni hakuweza. Nami nilikuwa nimefumba macho. Nikamwambia afupishe. Akafupisha. Akanitii, mume wangu, akanyamaza, na zilikuwa zimebaki dakika tatu.

Inauma mahali ambapo sikujua mtu ana mahali.

Maman ameuliza mara ya kwanza, nikaendelea kuandika. Ameweka mkono kwenye mkono wangu wenye kalamu, ndiyo maana mstari huu umepinda.

— Agnès. Capitaine anasema nini?

Nimeahidi kumsomea kama ilivyo. Kama ilivyo, hasemi kitu, na mama aliyengoja mwaka mzima atakwenda misani kesho na neno silence. Na yale mengine, maneno ya Isidore, ni yangu. Ndiyo pekee aliyoniachia bila mtu mwingine kujua kabla yangu. Yeye alikuwa na miezi mitano. Mimi nina dakika moja ya sauti yake.

Nimemwambia, ngoja maman, huyu capitaine anaongeyaka mingi.

— Umwache, amesema. Asifupishe.

Saa kumi na moja na dakika arobaini. Saa kumi na mbili watakata courant. Kapiteni amekaa dirishani, amesimama pale pale nilipomsimamisha, na Maman amegeuza jicho lake la kulia upande wangu, si upande wa televisheni.