Kuku wa Chifu

Mjukuu wangu Tumaini, uliyemzidi urefu bibi yako,

Mjomba wako, kitindamimba wangu mwenye meno mawili tu, sasa hivi amekalia sufuria ya ugali kama chifu. Huku Igawa hatujambo.

Unauliza kama utachekwa ukienda na shule kutembelea nyumba ya chifu wa zamani kule Iringa. Mimi nilichekwa nilipokwenda huko. Nilibeba kuku, maana kwa chifu huendi mikono mitupu, nikampigia magoti mzee wa mlangoni.

“Mama, chifu alishafariki zamani. Mimi nafagia tu.”

Watalii wakacheka, nikataka kurudi. Mzee akampokea kuku kwa mikono miwili. “Hawa wamekuja kutazama. Wewe umekuja kusalimia. Pita.”

Kwa hiyo nenda, usalimie kwanza. Ukimkuta yule mzee, muulize kuku wangu anataga au ali… ngoja, mama mkwe ananiita, mjomba wako ameivaa sufuria kichwani na…