Uso Wangu Kwenye Bati la Shaba

Makongeni, Jumapili ya kwanza ya Julai

Baba Mueni wangu,

Jana nilicheka hadi nikashika mbavu. Tangu tukuzike sijacheka hivyo.

Unakumbuka ulivyonichora kwenye bati la shaba? Jioni ile nilikaa dirishani nikichambua maharagwe, nawe ukikwaruza nta kwa sindano, mstari baada ya mstari, ili asidi iile shaba pale tu sindano ilipopita. "Usicheke, Mama Mueni, mdomo unanihama!" Ndiyo maana mdomo ule umebana kicheko mpaka leo.

Karatasi ya pekee uliyopiga chapa ilioza paa lilipovuja. Nikabaki na bati lililoanza kuota kutu ya kijani, na hofu kwamba uso ule ulikuwa umekwenda nawe.

Jana mimi na Mueni tulilipeleka kwenye karakana yako. Akalipaka wino, akalipangusa likang'aa, akalipitisha kwenye mashine.

"Mum, mbona ni kama umemwagiwa unga?"

Mistari ilikuwepo yote. Ile jioni ndiyo haikuwepo. Nikanyong'onyea.

Ndipo nikakumbuka siku niliyokusaidia kazi, nikalisugua bati kwa bidii yangu yote. Ulivyonicheka! "Hiyo si sufuria, mama. Acha wino kidogo shavuni. Jioni yenyewe ndiyo hiyo."

Nikamwambia Mueni arudie, apanguse kwa kiganja, polepole, aache utandu wa wino chini ya macho na kwenye mikunjo ya kitambaa changu. Akazungusha gurudumu. Tukainua karatasi ikiwa bado na unyevu, na mimi nikatokea: mwanga wa dirisha kwenye paji la uso, kivuli laini kama moshi, na kile kicheko kinachotafuta pa kutokea. Mueni akapiga vigelegele peke yake.

Mama Otieno wa jirani alipoiona akaruka: "Ai! Huyu si wewe. Kidoti kimehama shavu!" Hapo ndipo niliposhika mbavu.

Ni kweli, karatasini kila kitu hugeuka. Pale niko kama ninavyojiona kwenye kioo. Lakini kwenye bati kidoti kiko upande ule ule uliokiona wewe. Kwa hiyo karatasi iko sebuleni, ya wageni. Bati liko kando ya kitanda.

Huko uliko, nikumbuke hivyo: dirishani, maharagwe mapajani, nikijizuia kucheka.

Mkeo,
Mama Mueni